Damu ikishuka ukiwa kwenye dawa za kutoa shaba: mwongozo kwa tunaoishi Mwanza na kando ya Ziwa

Kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu Igogo ni kupanda mawe. Anayeijua Mwanza hahitaji maelezo zaidi. Mdogo wangu alikuwa anapanda na ndoo ya lita ishirini kichwani bila kutua. Mwaka fulani akaanza kutua mara moja, kwenye jiwe pana lililo mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Baada ya muda akawa anatua mara mbili, halafu akaacha kabisa kubeba maji akidai anaumwa mgongo. Nikamwambia ni mvivu. Nilimwambia mbele ya watu, na mpaka leo naona haya.

Hakuwa mvivu. Ana ugonjwa wa Wilson, ule wa kurithi ambao mwili hushindwa kutoa shaba inayotokana na chakula, shaba ikajilimbikiza kwenye ini, kwenye ubongo na pembeni ya mboni za macho. Alikuwa mwaka wa tatu kwenye penisilamini, dawa inayoishika shaba na kuitoa kwa njia ya mkojo. Dawa ilimsaidia sana: mikono iliacha kutetemeka, akarudi kuongea vizuri. Lakini ilikuwa imeanza kumtoa shaba hata ile anayoihitaji, na damu yake ilikuwa inashuka polepole bila mtu kuuliza.

Nimeandika haya kwa anayetumia dawa hizi na kwa anayemtunza. Mimi si daktari. Ni mlezi niliyepanda mlima wa hospitali ya Bugando mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na nimejifunza maswali ya kuuliza.

Kabla ya yote, elewa damu inavyohusiana na shaba

Tumezoea kwamba damu ni chuma. Damu ikipungua, unapewa vidonge vya chuma, unakunywa rozela, unarudi kazini. Ila chuma hakijisafirishi chenyewe. Fikiria Mwaloni, Kirumba, asubuhi mitumbwi imefika na dagaa mpaka juu, halafu makuli wote hawajaja. Sokoni watu watalalamika kwamba dagaa hakuna, wakati zinaozea majini. Shaba ndiyo kuli wa chuma. Protini inayoitwa seruloplazmini, ambayo haifanyi kazi bila shaba, ndiyo inayokiandaa chuma kitoke ghalani kwenye ini na kufika kwenye uboho wa mifupa, damu inakotengenezwa. Shaba ikipungua mno, chuma kinabaki kimelala kwenye ini na kinajazana ndani ya chembe changa za damu bila kutumika. Kumwongezea mtu huyu chuma ni kuongeza mitumbwi mahali ambapo makuli hawapo, tena kwenye ini ambalo tayari ni gonjwa.

Jambo la pili, ambalo lilinichukua muda kulielewa: mgonjwa wa Wilson anaweza kupungukiwa damu kwa njia zaidi ya moja, na tiba zake zinapingana. Shaba ikimzidi, kwa mfano amekatisha dawa, inaweza kuzipasua chembe nyekundu ghafla. Macho yanakuwa manjano na mkojo unakuwa wa rangi ya koka. Huyo anahitaji shaba itolewe. Shaba ikitolewa kupita kiasi, damu inashuka taratibu kwa miezi. Huyo anahitaji dozi ipunguzwe. Na wapo ambao penisilamini yenyewe inaushambulia uboho, mara nyingi katika wiki au miezi ya mwanzo, chembe zote zikaporomoka pamoja. Huyo huachishwa dawa hiyo na kuwekwa kwenye nyingine. Kwa nje wote watatu ni watu waliochoka wenye viganja vyeupe. Ndiyo sababu mtu asikuandikie dawa kwa kukutazama kope tu.

Hatua ya 1: Ijue dawa yako kwa jina kamili na kwa miligramu

Usiseme "natumia vidonge vya ini". Sema jina. Dawa zinazoshika shaba na kuitoa ni penisilamini na trientini. Zinki ni tofauti kidogo: haiitoi, bali inazuia utumbo kuipokea, lakini nayo ikizidi inaweza kushusha damu kwa sababu ileile ya shaba kwisha. Ipo ya nne, tetrathiomolibdeti, iliyotumika zaidi kwenye utafiti, na yenyewe inajulikana hasa kwa kushusha damu na chembe nyeupe dozi ikiwa kubwa.

Penisilamini ina mkosi wa jina. Mara mbili nimeulizwa dukani, "Anaumwa koo?" Muuzaji mmoja alikwishafungua boksi la penisilini, anahesabu vidonge. Ni kweli penisilamini hutokana na kuvunjika kwa penisilini, ila haiui vijidudu, na penisilini haitoi shaba. Nenda na boksi tupu la zamani mkononi, uliweke kaunta, umwonyeshe kwa kidole.

Kama unatumia trientini, uliza aina uliyopewa inatunzwaje. Ipo ambayo inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kwa umeme wetu na kwa walio visiwani hilo ni swali la kuuliza kabla ya kuondoka dirishani, siyo baada.

Hatua ya 2: Fungua daftari la namba

Hili ndilo lingemwokolea mdogo wangu miezi minane. Kila karatasi ya majibu ya damu tuliyopewa niliikunja na kuiweka kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Siku nilipozitandaza kitandani kwa mpangilio wa tarehe, zilisema zenyewe, wingi wa damu: 13.2, halafu 12.6, halafu 10.9, halafu 8.4. Kila moja ilisomwa na mtu tofauti, siku tofauti, na kila mmoja aliona namba moja tu.

Kwenye daftari piga mistari. Tarehe. Dozi ya siku hiyo. HGB, yaani himoglobini, kipimo cha wingi wa damu. WBC, chembe nyeupe. NEUT, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu vya bakteria. PLT, chembe sahani zinazogandisha damu. MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Mwisho acha nafasi ya mkojo: protini na shaba.

Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 13 kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito na chini ya 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito). Ni mipaka mizuri, lakini kwa mtu aliye kwenye dawa hizi mwelekeo una maana kuliko mpaka. Aliyetoka 15 akafika 13.1 bado anaitwa mzima, na tayari amepoteza karibu pointi mbili. Angalia pia kama chembe nyeupe zinashuka sambamba na damu. Minyoo haishushi chembe nyeupe. Shaba ikipungua hushuka zote mbili, na hilo ndilo lililomshtua daktari wetu: za mdogo wangu zilikuwa zimetoka 5.8 hadi 2.6. MCV isikusumbue sana, maana shaba ikipungua chembe zinaweza kuwa ndogo, za kawaida au kubwa.

Vipimo hivi, pamoja na mkojo, hufanywa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo ya penisilamini, daktari akikupangia wiki kwa wiki au baada ya wiki mbili. Mambo yakitulia vinapishana kwa muda mrefu zaidi, lakini visipungue mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo wengi tunaposinzia. Mgonjwa kwa kumtazama amepona, anatembea, anacheka. Nani ataamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya maabara?

Hatua ya 3: Tafuta jiwe lako

Kila nyumba ina kipimo chake cha bure. Kwetu ni lile jiwe la fundi. Kwako labda ni ngazi za kutoka mwaloni, au idadi ya makasia kabla ya kupumzika, au mistari ya jembe. Chagua kazi moja ambayo mgonjwa anaifanya kila siku na uangalie anatua wapi. Damu inayoshuka kwa miezi haimwangushi mtu. Mwili unazoea, na mwenyewe atakuapia kwamba hana tatizo.

Mengine ya kuangalia: viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kizunguzungu akiinuka, vidonda vya mdomoni visivyopona. Muulize pia kuhusu miguu. Shaba ikipungua kwa muda mrefu inaumiza mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, mtu anahisi ganzi au sindano nyayoni na anaanza kuyumba gizani. Kwa mgonjwa wa Wilson watu hudhani ugonjwa wake wa zamani umerudi, na wanafikiria kumwongezea dawa. Damu na chembe nyeupe zikiwa chini wakati huohuo, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja, katika sentensi moja.

Hatua ya 4: Haya hayasubiri tarehe ya kliniki

Homa. Huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kweli apimwe malaria. Lakini mtu aliye kwenye penisilamini mwenye homa, koo linalouma au vidonda mdomoni lazima apimwe chembe nyeupe siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya. Chembe nyeupe zikiwa zimeisha, maambukizi madogo yanaua ndani ya siku chache.

Vidoti vyekundu kwenye ngozi kama vilivyochomwa na sindano, michubuko isiyo na sababu, fizi au pua kutoka damu: chembe sahani huenda zimeshuka. Macho ya manjano na mkojo wa rangi ya koka: chembe nyekundu zinapasuka. Kutapika damu, au choo cheusi cha kunata kama lami chenye harufu kali: ini lililoharibika huvimbisha mishipa ya koo la chakula, nayo hupasuka. Hapa pana mtego. Vidonge vya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi. Ukiwa unavitumia useme, na kama huvitumii useme pia, na usikubali kupuuzwa kwa "ni vidonge hivyo" wakati kichwa kinazunguka na jasho la baridi linakutoka.

Pumzi kukatika ukiwa umekaa, au maumivu ya kifua, nenda. Upele na homa ndani ya wiki tatu za kwanza za dawa, nenda.

Kwa haya yote nenda na dawa zako mkononi. Kama ni ya kuachishwa, uamuzi huo ufanyike pale hospitali, na mtu anayeweza kukupa nyingine badala yake.

Hatua ya 5: Usianze vidonge vya damu, na usiache dawa yako

Hapa ndipo tulipoharibu. Dispensari moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimpima mdogo wangu damu ikakuta 10.9. Hakuna aliyeuliza anatumia nini. Akapewa vidonge vya chuma na foliki asidi vya miezi mitatu, na kwa kuwa tulitaka apone haraka, tukamwambia avimeze vyote pamoja asubuhi, penisilamini na chuma mkupuo mmoja, juu ya chai na chapati.

Tulifanya makosa matatu kwenye kikombe kimoja. Penisilamini inaposhika chuma tumboni, vyote viwili vinapita bila kufanya kazi. Chakula nacho kinaizuia. Inatakiwa imezwe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Na chuma chenyewe hakikuwa kimepungua: baadaye feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa juu.

Haina maana kwamba mgonjwa wa Wilson hapungukiwi chuma kamwe. Anaweza, hasa mwanamke mwenye hedhi nzito au mtu mwenye minyoo. Trientini nayo inaweza kushika chuma cha chakula na kukimaliza. Lakini hilo linajulikana kwa kupima, na chuma kikionekana kinahitajika hupewa kwa muda mfupi na kuachanishwa na dawa ya shaba kwa saa mbili au zaidi. Vilevile ukiwa umekwisha kuanza vidonge vya chuma, usiviache kimyakimya. Vilikuwa vinaizuia dawa yako. Vikiondoka, dozi ileile inaanza kuingia mwilini kwa nguvu nyingine. Mwambie daktari.

Upande wa pili wa kosa ni kuacha dawa. Ukisikia kwamba dawa inamaliza damu, mkono unasita kufungua chupa. Jirani atakuambia upumzike mwezi mmoja. Usipumzike. Kabla ya dawa hizi ugonjwa wa Wilson ulikuwa unaua, na wapo walioacha ghafla baada ya miaka ya kukaa vizuri, ini likafeli ndani ya miezi michache. Kupunguza dozi na kuacha ni vitu viwili tofauti kabisa.

Uliza pia kuhusu vitamini B6. Penisilamini inaiondoa mwilini, kwa hiyo hutolewa kidonge chake kando. Ni kidogo na ni cha bei nafuu, na kwa sababu hiyo ndicho kinachosahaulika kwanza kikiisha. Upungufu wa B6 peke yake unaweza kushusha damu.

Hatua ya 6: Kwanza yaondolewe ya kwetu

Daktari mzuri hataanza na shaba, na usikasirike. Kanda ya Ziwa ina sababu za kutosha za damu kupungua: malaria, safura ya minyoo, selimundu, kichocho. Hiki cha mwisho kinastahili neno la ziada kwa sisi tuliokulia ziwani. Kichocho cha tumbo kinaumiza ini na kuvimbisha bandama, na Wilson hufanya vivyo hivyo. Bandama lililovimba hukamata chembe za damu na kuzizuia, hivyo nyekundu, nyeupe na sahani zote zinaonekana chini hata uboho ukiwa mzima. Ukiwa uliwahi kuoga au kuvua kwenye maji ya ziwa miaka yote, sema. Choo kipimwe, malaria ipimwe, bandama liguswe au lipigwe picha ya ultrasaundi.

Ndipo uliza, kwa heshima lakini bila kung'ata maneno: "Daktari, inawezekana shaba imetolewa kupita kiasi?" Sisi tuliuliza swali hilo baada ya mwaka mzima wa kujibu maswali ya watu wengine. Daktari alinyamaza, akaomba daftari, akapitisha kalamu kwenye mstari wa damu na wa chembe nyeupe, akasema, "Mama, hii tungeiona mapema."

Hatua ya 7: Mkojo wa saa 24, ufanye sawasawa

Kipimo kinachosema mengi ni shaba inayotoka kwenye mkojo wa siku nzima. Mtu aliyetulia kwenye penisilamini au trientini anatarajiwa kutoa kama mikrogramu 200 hadi 500 kwa siku. Ikishuka chini ya 100 kuna maana mbili: shaba imebaki kidogo mno mwilini, au mgonjwa hamezi dawa. Daktari atauliza kama anameza, na hapo mlezi asijibu kwa niaba ya mgonjwa. Kinachotenganisha ni shaba huru ndani ya damu, ile isiyoshikwa na seruloplazmini: asiyemeza huwa juu, aliyetolewa kupita kiasi huwa chini. Seruloplazmini peke yake haitoshi kuamua, kwa sababu kwa wagonjwa wengi wa Wilson iko chini tangu mwanzo. Kwa anayetumia zinki pekee namba za mkojo ni nyingine, chini zaidi. Asizilinganishe na hizi.

Uliza kama kipimo kinafanyika hapohapo au sampuli inasafirishwa, na majibu yanachukua muda gani, ili usije ukakaa unasubiri simu.

Kukusanya si kazi ngumu ila inaharibika kirahisi. Chukua dumu maabara, la plastiki, lililoandaliwa kwa kazi hiyo. Usitumie kopo la bati, kikombe cha chuma wala ndoo ya nyumbani. Chupa ya maji uliyookota pia hapana. Vumbi kidogo la madini linatosha kudanganya. Asubuhi ya siku ya kwanza, tuseme saa kumi na mbili, mgonjwa akojoe chooni kama kawaida na aandike saa. Huo haukusanywi. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, mchana na usiku, mpaka kesho yake saa kumi na mbili, ambapo anakojoa mara ya mwisho na huo unaingia. Dumu likae kivulini, mahali pa baridi. Aendelee na dawa kama kawaida isipokuwa ameambiwa vinginevyo. Wakati mwingine daktari humtaka asimamishe dawa siku mbili kabla ya kipimo, na namba za hapo husomwa kivingine. Mdogo wangu alisahau mara moja, akaenda kwenye choo cha stendi ya Nyegezi. Tulimwaga tukaanza upya, na ndivyo inavyotakiwa.

Anayetoka Nansio apange siku ya mwisho ya mkojo iwe asubuhi ya kupanda meli, dumu ndani ya mfuko mweusi kama linamwaibisha. Wa Sengerema na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, angalau hawakai tena foleni ya kivuko na dumu mapajani.

Daktari akiona bado hakueleweki anaweza kuomba uboho uchukuliwe kwenye mfupa wa nyonga. Kipimo hicho kinauma, kwa dakika chache. Chembe changa zenye pete ya chuma kuzunguka kiini zinasaidia kuonyesha kwamba chuma kipo ila hakitumiki.

Hatua ya 8: Dozi ikibadilishwa

Mara nyingi tiba ni hiyo tu: dozi inapunguzwa, au dawa inasimamishwa kwa muda mfupi chini ya uangalizi, au mgonjwa anahamishiwa nyingine. Unaweza kuona ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mateso yote. Chembe nyeupe huanza kurudi ndani ya wiki chache. Damu inachukua kati ya mwezi na miezi mitatu. Pima kila baada ya wiki mbili mwanzoni, andika kwenye daftari. Ganzi ya miguu ndiyo mvivu kuondoka, na wakati mwingine haiondoki yote. Hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri.

Baada ya miezi michache mkojo wa saa 24 unarudiwa, kwa sababu sasa hatari imehamia upande wa pili. Dozi iliyopunguzwa inaweza kuwa ndogo mno.

Kuhusu chakula, maana wataleta

Mama mkubwa alikuja kutoka Magu na kilo mbili za maini ya ng'ombe na chupa ya rozela. "Mpe mtoto maini, mwanangu. Damu ni maini." Nilimshika miguu nikamshukuru, nikayapika, tukayala sisi.

Maini ndicho chakula chenye shaba nyingi kuliko karibu vyote tunavyokula, na ndiyo maana mgonjwa wa Wilson huyakatazwa. Sasa utasema: kama shaba imepungua, si ndiyo dawa? Nami niliwaza hivyo. Lakini sahani ya maini haina kipimo, ini la mgonjwa bado halijui kuitoa shaba, na dozi ya dawa ndiyo usukani ambao daktari anaweza kuugeuza kidogo kidogo. Uyoga na karanga nyingi muulize pia. Sato, ugali, maharage, matobolwa, mboga za majani, ale kama nyumba nzima inavyokula. Rozela kikombe kimoja haitamdhuru; isichukue tu nafasi ya kipimo.

Mjamzito

Aliye mjamzito asiache dawa za Wilson. Daktari anaweza kupunguza dozi, hasa miezi ya mwisho. Kliniki ya wajawazito itampa chuma na foliki kama inavyowapa wote, na damu yake inapungua pia kwa ujauzito wenyewe, kwa hiyo kila kitu kinachanganyika. Aweke kadi zote mbili, ya wajawazito na ya kliniki ya Wilson, kwenye mfuko mmoja na aombe madaktari wa pande mbili waongee. Vidonge vya chuma, kama ameelekezwa avitumie, viwe jioni, mbali na dawa ya shaba.

Kadi ya mfukoni

Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa kila mmoja ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuwa na ugonjwa huu, kwa hiyo nasi tulipimwa; hiyo ni safari nyingine. Cha mwisho kwa leo ni karatasi ndogo ambayo mdogo wangu anatembea nayo, imepigwa laminesheni kwa mia tano pale mjini. Nakili, badilisha ya kwako:

"Nina ugonjwa wa Wilson. Natumia penisilamini, siyo penisilini. Dozi yangu iko nyuma ya kadi. Nikiwa na homa nipimeni malaria na chembe nyeupe. Damu ikiwa chini msinipe chuma kabla ya kuongea na daktari wangu. Msiniachishe dawa bila yeye. Namba zangu za damu ziko kwenye daftari la bluu, mpigieni dada."